Kiyoyozi cha Jumapili

Mwizi akiingia kwenye nyumba tupu huwa na tabia zake. Mwenye njaa hufungua jokofu. Mwenye wasiwasi huzima taa iliyokuwa ikiwaka, na mwenye dharau hujilaza kwenye kochi la watu na viatu vyake. Wote hao Mkaguzi Nasra Mnali alishakutana nao, na baadhi yao humsalimu mpaka leo wakipishana sokoni. Lakini mwizi anayekitega kiyoyozi kiwake chenyewe Jumapili mchana, nyumba ipoe vizuri, halafu Jumapili yenyewe asitokee, huyo alikuwa mgeni kwake. Na Nasra alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: jambo lisipomkaa kichwani, chakula hakipiti.

Mkuu wa kituo, Afande Josephu, chakula kilikuwa kinampitia vizuri tu. Kwake kesi ilikwisha. Vinyago vitatu vya mpingo, kazi ya wachongaji wa zamani wa Newala, vimetoweka nyumbani kwa Mwalimu Beatrice, hapo Shangani, mwenyewe akiwa Dar es Salaam kwa matibabu ya macho. Mlango haukuvunjwa wala dirisha halikuguswa. Goodluck, fundi wa viyoyozi, ndiye aliyepewa ufunguo akasafishe mitambo kabla mama hajasafiri. Majirani wamesikia kiyoyozi kikinguruma Jumapili, nyumba haina mtu. Sasa nani mwingine anajua kukiamuru kile kidude cha ukutani?

"Tunamtafuta fundi, na fundi tunaye," alisema Afande. "Kesho asubuhi anasomewa mashtaka. Wewe unataka nini tena?"

Nasra alitaka nusu siku. Alimweleza kwamba fundi wa kuingia majumbani kwa watu anaishi kwa kuaminiwa funguo. Akishasimama kizimbani, hata kama ataachiwa baadaye, Mtwara hii ndogo nani atamfungulia mlango? Nje, kwenye benchi, Faraja, mke wa Goodluck, alikuwa amepakata chombo cha mihogo ambayo mumewe aliikataa, tumbo lake la ujauzito likiwa limekishikilia kama meza.

Afande alimtazama Nasra, akatazama saa. Akampa mpaka jioni, na akaongeza kwamba akirudi na hadithi ataisikiliza, ila kwa sikio la kushoto, lile lisilosikia vizuri.

Basi Jumatano hiyo, jua likiwa limeshaanza kuwachagua watu wa kuwachoma, pikipiki ya Koplo Issa ikasimama mbele ya geti la Mwalimu Beatrice. Aliyewapokea ni Stefano, mdogo wake mwalimu, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Ndiye aliyeripoti wizi Jumatatu, na ufunguo wa pili anao yeye. Shati lake lilikuwa jeupe mpaka linaumiza macho. Hata kabla ya salamu kuisha alishamwambia Issa kwamba pikipiki haiegeshwi hivyo, itadondoka. Akaishika mwenyewe, akaigeuza. Nasra alipotaka kusukuma mlango wa mbele, Stefano akamsogeza kwa adabu: huu hausukumwi, dada, huu unainuliwa kidogo kwanza. Akauinua kidogo kwanza.

"Kaka Stefano, ungekuwa mume wangu ningepona," alisema Nasra.

Stefano akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kuchekesha maofisa.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Nyumba ile ilijengwa enzi zile wataalamu wa gesi walipokuwa wakigombea nyumba za kupanga kama watu wanavyogombea samaki wa mapema, ndiyo maana ilikuwa na mtambo mmoja wa kupooza vyumba vyote. Wataalamu waliondoka, mtambo ukabaki. Kwenye ukuta wa korido, mbele ya kabati la vioo lenye nafasi tatu wazi, kilikaa kidude cha kuuongoza, themostati, cheupe, kinene kidogo kuliko swichi ya taa.

Nasra alikuwa bado anakiinamia kidude hicho pale Stefano aliposema nyuma yake, "Usijisumbue nacho, afande. Kibovu hicho. Unakiambia hivi, chenyewe kinafanya vyake."

"Kumbe umeshakitumia?"

"Mimi? Sijawahi hata kukigusa. Mambo ya dada hayo, na mafundi wake." Simu yake ikaita, akatoka barazani kuzungumza mambo ya makontena.

Nasra alimtazama Issa, Issa akatazama dari.

Alimpigia Mwalimu Beatrice. Mwalimu, jicho moja likiwa na bandeji, alikuwa na sauti ya mtu aliyesimamisha mistari ya wanafunzi miaka mingi. Alieleza kwamba kabla ya kusafiri alimwagiza Goodluck akiweke kidude kwenye nyuzi thelathini na tano siku zote za wiki. Maana yake kiyoyozi kisiwake mpaka nyumba ichemke, na umeme usiliwe bure. Goodluck alifanya hivyo mbele ya macho yake, siku hizo bado yakiwa mawili. Kisha akamwongoza Nasra namna ya kusoma ratiba: shika kitufe cha saa, usikiachie, mpaka namba ipepese.

"Nimekishika, mwalimu."

"Umekiachia."

"Sijakiachia."

"Ungekuwa hujakiachia ingepepesa."

Nasra akakishika tena, safari hii kwa heshima. Namba moja ikapepesa. Chini yake vikatokea vipicha vinne vidogo: mtu akijinyoosha kitandani, mtu akitoka nyumbani na mkoba, mtu akirudi, na mwezi. Kila kipicha kilikuwa na saa yake na nyuzi zake, yaani joto la nyumba wakati huo. Namba moja, thelathini na tano kote. Namba mbili hivyo hivyo, na tatu, na kuendelea mpaka sita. Alipofika namba saba, mtu wa mkoba alikuwa ameandikiwa 11:30, nyuzi ishirini na mbili. Mtu wa kurudi alikuwa ameandikiwa 15:00, thelathini na tano.

"Hii sikuiagiza," alisema mwalimu alipoelezwa. "Na ishirini na mbili ni baridi ya Makete. Mimi naweka ishirini na sita."

Nasra alipiga picha. Mtu fulani alitaka nyumba hii ipoe sana, mchana, siku moja tu ya wiki.

Issa, kijana mwenye bidii, alikuwa ameshapata jibu lake. Alisema mkosaji amechanganya saa. Hiyo 11:30 yeye aliiwaza kwa saa zetu, saa kumi na moja na nusu jioni, giza likikaribia, ndipo mwizi aje. Alilisema hilo kwa furaha mpaka Nasra akaona vibaya kumkatisha tamaa, lakini akamkatisha.

"Issa, simu yako sasa hivi inasema saa ngapi?"

Issa akatoa simu. "Saa nne na dakika kumi."

"Imeandika nne?"

Ilikuwa imeandika 10:10. Issa alikuwa ameondoa sita bila kujua kwamba ameondoa. Nasra akamwambia hiyo ndiyo shida ya nadharia yake. Saa za mashine tumezizoea tangu redio za babu zetu, tunazigeuza kichwani kama tunavyomeza mate. Aliyeandika 11:30 alitaka saa tano na nusu, na aliyeandika 15:00 alitaka saa tisa. Alijua alichokuwa anakifanya. Lakini mtu anayejua anachokifanya anapoozaje nyumba ambayo haji?

Walimwendea anayejua kama alikuja au hakuja. Mzee Hashimu, mlinzi, mtu wa Madimba, alikuwa upande wa nyuma akipalilia bamia zilizonona isivyo kawaida kwa mji uliokuwa unalia maji. Nasra akamwamkia, akachuchumaa.

"Shikamoo baba. Bamia hizi unazilisha nini?"

"Marahaba mwanangu. Nazilisha baridi." Akaonyesha bomba jembamba linalotoka ukutani, lile la kumwaga maji ya kiyoyozi. Chini yake kulikuwa na ndoo. Alieleza kwamba Jumapili mchana mashine huunguruma yenyewe, bomba linatiririka, ndoo inajaa, naye anamwagilia. Hakumwambia mtu kwa sababu alidhani mama mwenye nyumba anaiwasha kwa simu kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya bamia. "Siku hizi kila kitu kinaendeshwa na simu. Nikasema kumbe mama ana huruma."

"Na hizo Jumapili nani anaingia ndani?"

Mzee alikunja uso. Jumapili yuko getini kutwa, kofia yake na redio yake. Hata paka haingii bila kumsalimia. Goodluck hakuonekana tena tangu alipomaliza kazi na kurudisha ufunguo kwa mama.

"Kwa hiyo hakuna siku unayotoka?"

"Natoka Ijumaa tu. Naenda msikitini, nikitoka huko napita kwa binti yangu Sabra nakula wali wangu, narudi karibu na alasiri."

"Na geti unamwachia nani?"

"Si Bwana Stefano? Mungu ampe heri yule. Si wa dini yetu, lakini kila Ijumaa anatoka bandarini kuja kunishikia. Ananiambia, mzee nenda kasali kwa nafasi, usikimbie, nitakaa mimi."

Nasra aliendelea kung'oa magugu mawili matatu, polepole, kama mtu asiyesikia kitu cha maana. Kisha akauliza kwa nini mzee hakulisema hilo Jumatatu.

"Mliniuliza kama nimeona mtu mgeni," alisema Hashimu, akiwa ameudhika kidogo. "Bwana Stefano mgeni wa nani? Nyumba ya dada yake."

Waliporudi koridoni Stefano bado alikuwa barazani na makontena yake. Issa alikuwa anachemka. Alinong'ona kwamba mtu wao ni huyo, wamfunge pingu tu. Nasra akamnyamazisha. Kukaa getini kwa dada yako si kosa, tena kwa ajili ya mwenzio aende kusali, hakimu anaweza kumpa na zawadi. Zaidi ya hapo, kidude kinasema siku ya saba, na kiyoyozi huwaka Jumapili, bamia ni mashahidi. Stefano alikuja Ijumaa. Kati ya Ijumaa na Jumapili kulikuwa na shimo, na kesi yoyote inayopita hapo ingetumbukia.

Alisimama mbele ya themostati, mikono nyuma, kama mtu anayetazama picha ya ukutani ya harusi ya watu asiowajua. Saa ilikuwa sahihi. Joto, nyuzi thelathini na tatu. Pembeni juu, kwa udogo wa punje ya ufuta, kulikuwa na namba nyingine ambayo hakuwa ameijali.

"Issa. Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Hiki kinasema tatu."

Issa akasogea. "Tatu ni Jumatatu. Basi kweli kibovu."

Nasra aligeuka akamtazama kwa mapenzi makubwa. "Rudia ulivyosema."

"Tatu... Jumatatu." Issa akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, na alipofika kidole cha mwisho mdomo ukabaki wazi.

Ndiyo hiyo. Waliotengeneza kidude wanaanza wiki yao Jumatatu, hiyo ndiyo moja yao, na saba yao ni Jumapili. Mtu wa hapa, asiyeambiwa, akiona namba moja anaona Jumamosi, tatu anaona Jumatatu, na saba kwake ni Ijumaa. Saa tunazigeuza kila siku kwa sababu simu zinatulazimisha. Siku, simu huziandika kwa majina, hakuna aliyewahi kutufundisha kuzigeuza. Mwizi wao hakuwa mzembe. Alitaka nyumba ipoe Ijumaa, kuanzia saa tano na nusu mpaka saa tisa, mzee Hashimu akiwa kwenye sala na wali. Na baridi ile haikuwa ya mwizi, ilikuwa ya wageni wa kutazama vinyago kabla ya kununua. Akabonyeza saba, akaridhika. Kila Ijumaa akaja akakuta tanuri, akawasha kwa mkono huku akitukana. Kila Jumapili kidude nacho kikamtii kwa uaminifu, nyumba ikapoa, yeye hayupo.

Kilichobaki ni kujua kama Goodluck ni mtu wa hapa au mtu wa kidude. Nasra akapiga simu kituoni, akamwomba wa zamu amsogezee fundi sikioni, asimweleze lolote.

"Goodluck. Nataka nyumba ya Mwalimu Beatrice ipoe Ijumaa. Nabonyeza ngapi?"

"Tano, afande," sauti ilijibu bila hata kuvuta pumzi. Kisha ikasita. "Mnanitania?"

"Kwa nini isiwe saba?"

Goodluck alicheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hajakitumia siku kadhaa. Alisema saba ni Jumapili. Saba ni kosa la wateja, ndilo linalomlisha. Wanapanga wenyewe, kisha wanampigia simu wakilalamika mashine imerogwa.

Nasra akamwambia sasa aile ile mihogo ya mkewe.

Lakini alimjua Afande Josephu. Angesema fundi ni mjanja, amekosea makusudi. Ilibidi mwenye kosa alirudie kosa lake mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya watu. Na Nasra alishamwona Stefano akigeuza pikipiki isiyo yake.

Akamwita. Alimwambia kazi imeisha, kesho fundi anapandishwa kizimbani, na mwalimu ameomba jambo moja dogo: anarudi Ijumaa mchana, macho bado mabichi, daktari hataki akae kwenye joto, nyumba wamtegee ipoe kabla hajafika. Kisha akakigeukia kidude, akaanza kukibonyeza kama mtu anayekanda unga. Alikishika kitufe cha saa, akakiachia. Akakishika tena, akakiachia mapema zaidi. Akabonyeza cha juu, cha chini, akakipiga kibao kidogo ubavuni.

Stefano alivumilia. Alitia mikono mfukoni. Akaitoa. Nasra alipokipiga kibao cha pili, uvumilivu ukamwisha.

"Hapana, hapana, dada. Utakiua. Hiki unakishika, hukiachii, mpaka namba ipepese. Ona." Ikapepesa. "Sasa unapanda na hiki cha juu kutafuta siku." Kidole chake kilipanda bila kusita, mbili, tatu, nne, kidole cha mtu anayeijua njia ya nyumbani, kikasimama kwenye saba. "Ijumaa hii hapa. Halafu unaingia kwa mtu wa mkoba, unaandika..."

Kwa mtu wa mkoba palikuwa pameshaandikwa. 11:30. Ishirini na mbili.

Kidole kilibaki hewani. Getini redio ya mzee Hashimu ilikuwa inatangaza bei ya korosho.

"Ulisema hujawahi kukigusa, kaka," alisema Nasra, kwa upole.

"Vidude hivi vyote vinafanana."

"Vinafanana. Ila mimi nimekuomba Ijumaa."

"Si ndiyo hiyo? Jumamosi, Jumapili, Jumatatu..." Alikuwa anahesabu kwa vidole, kama Issa, kama mtu yeyote.

Nasra akagusa ile namba ya udogo wa ufuta kule pembeni. "Leo Jumatano. Soma hapo kinasema ngapi."

Stefano alisoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko namba moja inavyohitaji. Jasho lilikuwa limeanza kuchora ramani kwenye lile shati jeupe, na Nasra akamwona akizirudia zile Ijumaa zote kichwani, wanunuzi wake kutoka melini wakijipepea kwa kofia mbele ya kabati la dada yake, naye akiwaomba radhi kwa joto.

"Kidude si kibovu, kaka. Kilikuwa kinakusubiri Jumapili."

Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alikaa sakafuni mbele ya kabati, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kimoja tu kilichoondoka, viwili bado viko ghalani bandarini vikisubiri meli, na kwamba dada hakuwa akivitazama hata macho yalipokuwa mazima. Nasra alimwambia hilo la mwisho amwambie dada mwenyewe. Issa akamshika mkono, safari hii pikipiki ikiwa imeegeshwa sawasawa.

Nasra alikuwa amenyoosha kiganja, Stefano akakitilia ufunguo. Akampigia mwalimu, akamweleza yote bila kupunguza. Alipouliza, kwa uangalifu, ufunguo wa nyumba amwachie nani mpaka Ijumaa, siku ambayo mwalimu kweli alikuwa anarudi, alijibiwa na ile sauti ya mistarini, ila sasa ilikuwa na ufa katikati.

"Mpe Goodluck. Mwambie aingie mwenyewe, anipoozee nyumba. Na asithubutu kuweka ishirini na mbili."